Methodi Fupi, Hesabu ya Kweli

Zahanati iliyo chini ya Mlima Hanang na zahanati iliyo juu kwenye vilima vya Kainam, Mbulu, zinajaza kitabu cha aina moja. Ni Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini, na ni cha wagonjwa wa nje. Mgonjwa akifika, mhudumu anaandika tarehe ya kuhudhuria, jina, anakoishi, umri, jinsi na ugonjwa uliogunduliwa. Mwezi ukiisha, mistari hiyo inahesabiwa kwa makundi ya umri, taarifa inafika kwa mratibu wa MTUHA wa wilaya, na namba zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Tangu hapo mtoto aliyetibiwa kuhara Endasak na mzee aliyetibiwa nimonia Dongobesh wamo ndani ya hesabu ambayo mkoa na wizara wanaitegemea wanapopanga dawa, chanjo na watumishi.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java. Kazi yake inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, nchi ilipokuwa inajenga upya huduma za afya baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Toleo la pili, hili la Java, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo ikalieneza katika wilaya zake zote. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, nao ni wa Java, na ulianza kazi Eldoret mwaka huohuo wa 2006. Kijana wa Katesh au Haydom anayeanza Java leo, basi, anaanza lugha ambayo tayari inawahesabu wagonjwa wa kijijini kwao.

Ndani ya lugha hiyo upo ufundi mmoja mdogo ninaoupenda sana, na ninaona haupewi heshima yake: kuandika methodi fupi. Methodi ni kipande cha programu chenye jina. Kinapokea vitu fulani, kinafanya kazi moja, kinarudisha jibu. Mfumo mkubwa umejengwa kwa maelfu ya vipande vya namna hiyo, na ukweli wa mfumo mzima hauwezi kuzidi ukweli wa vipande vyake. Wanaoanza wengi huvipita mbio, wakiwahi skrini zenye rangi na vitufe vya kubofya. Mimi naamini hapo ndipo pa kukaa, tena kwa muda mrefu, mpaka mkono uzoee.

Tuchukue kazi moja kutoka kwenye kitabu chenyewe. Kitabu namba 5 kinagawa wagonjwa katika makundi matano ya umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya miaka 60, na miaka 60 na kuendelea. Tunataka methodi itakayopewa umri kwa miezi, ijibu mgonjwa yuko kundi gani. Anayeanza anaweza kuiandika hivi:

static String kundiLaUmri(long miezi) {
    if (miezi < 1) {
        return "Chini ya mwezi 1";
    }
    if (miezi < 12) {
        return "Mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1";
    }
    if (miezi < 60) {
        return "Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5";
    }
    if (miezi < 720) {
        return "Miaka 5 hadi chini ya miaka 60";
    }
    return "Miaka 60 na kuendelea";
}

Usome mstari wa kwanza taratibu, kwa sababu mistari yote iliyobaki inautumikia. Neno static linaruhusu methodi iitwe moja kwa moja, bila kuunda kitu kingine kwanza. Kwa anayeanza hilo linatosha. String ni aina ya jibu: methodi hii itarudisha maandishi. Kisha linakuja jina, kundiLaUmri, ambalo kwa desturi ya Java huanza kwa herufi ndogo, na kila neno linalofuata linaanza kwa herufi kubwa. Mwisho ndani ya mabano kuna kitu kimoja tu inachohitaji, namba kamili ya miezi. Mtu ambaye hajaona mistari ya chini anaweza kuitumia methodi hii akiwa ameusoma mstari huo peke yake. Huo ndio uzuri wa kwanza wa ufundi huu. Mwandishi ameahidi waziwazi atapokea nini na atatoa nini, na kompaila ya Java, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inamsimamia: akijaribu kurudisha namba mahali alipoahidi maandishi, programu haitakubali kutengenezwa.

Uzuri wa pili uko kwenye mpangilio wa masharti. Tukifika kwenye swali la miezi 12, tayari tunajua kuwa mgonjwa hayuko chini ya mwezi mmoja, maana angekuwa huko methodi ingekwisha kujibu na kutoka. Kwa hiyo hatulazimiki kuandika "mkubwa kuliko hiki na mdogo kuliko kile". Kila sharti linabeba nusu ya maneno kwa sababu sharti lililotangulia limekwisha kuibeba nusu nyingine. Lakini wepesi huo una gharama yake: mpangilio sasa ni sehemu ya maana. Mtu akilipandisha juu sharti la miezi 720, kichanga cha siku tatu kitawekwa kundi moja na watu wazima, na kompaila haitasema neno, kwa kuwa kisarufi hakuna kilichoharibika. Kompaila inajua Java, haijui watoto. Anayewajua watoto ni mwandishi.

Ndiyo maana fundi wa methodi fupi hukaa sana mipakani. Hajaribu methodi yake kwa miezi 30 au 300, maana huko katikati karibu kila methodi hufaulu. Anachukua daftari na kuandika 0, 1, 11, 12, 59, 60, 719, 720, namba mbilimbili kila mpaka, kisha anaipitia methodi kwa kidole, mstari kwa mstari, akiandika jibu pembeni kabla hajagusa kompyuta. Hapo ndipo alama moja inapojitokeza kwa uzito wake wote. Ukiandika <= 60 badala ya < 60, mtoto aliyetimiza miaka mitano leo anabaki kwenye kundi la walio chini ya miaka mitano. Kwenye zahanati moja ni mtoto mmoja. Kwenye wilaya nzima, mwaka mzima, ni kundi la watoto lililohamishwa safu na mtu ambaye hajawahi kuwaona. Kitabu kimesema "chini ya miaka 5", na alama ya < inasema hilohilo, bila kuongeza wala kupunguza. Methodi nzuri inalingana na maneno ya kitabu hadi kwenye kihusishi.

Kuna mpaka mwingine ambao macho ya anayeanza huupita. Je, umri ukija ukiwa hasi tatu? Mtu hawezi kuwa na umri huo, lakini tarehe mbili zinaweza kuandikwa kwa kupishana, ya kuzaliwa ikakaa mahali pa kuhudhuria, na hesabu ikatoa hasi. Methodi yetu ya juu italipokea hilo bila kusita, kwa kuwa hasi tatu ni ndogo kuliko moja, na itajibu: "Chini ya mwezi 1." Kosa la kalamu limegeuka mtoto mchanga. Ripoti itaonyesha kichanga mgonjwa ambaye hakuna mama aliyemzaa. Fundi aliyekomaa anaweka mlinzi mlangoni:

if (miezi < 0) {
    throw new IllegalArgumentException("Umri hauwezi kuwa hasi: " + miezi);
}

Mistari hiyo inakataa kujibu. Inasimamisha kazi, inaeleza sababu kwa Kiswahili ambacho mwingizaji wa takwimu atakielewa, na inaitaja namba yenyewe ili atafute ukurasa husika. Ninaheshimu sana uamuzi huu wa kukataa. Programu nyingi hufunzwa kujibu kila kitu ili zisionekane zimekwama, na majibu yao ya uongo husafiri mbali kuliko kosa lililotangazwa pale pale lilipotokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye mistari ya uongo huipoteza mali hiyohiyo huku likitoa habari njema.

Sasa, hiyo miezi inatoka wapi? Kadi ya kliniki ina tarehe ya kuzaliwa, kitabu kina tarehe ya kuhudhuria, na katikati yake kuna hesabu. Java ilipata vifaa vizuri vya tarehe katika toleo la 8, Machi 2014, baada ya kazi ndefu iliyoongozwa na Stephen Colebourne. Kabla ya hapo tarehe za Java zilijulikana kwa kuwasumbua hata wazoefu, kwa kuwa mwezi wa Januari ulihesabiwa kuwa sifuri. Kwa vifaa hivyo vipya, methodi nzima ni mstari mmoja:

static long umriKwaMiezi(LocalDate kuzaliwa, LocalDate kuhudhuria) {
    return ChronoUnit.MONTHS.between(kuzaliwa, kuhudhuria);
}

Ni fupi mno kiasi kwamba mtu anaweza kujiuliza kwa nini iwe methodi. Jibu liko kwenye vitu viwili ilivyovipokea. Anayeanza, mara nyingi, angepokea tarehe ya kuzaliwa peke yake, kisha ndani ya methodi angeiuliza kompyuta: leo ni tarehe ngapi? Inaonekana ni jambo la kawaida, na siku ya kwanza majibu yatakuwa sahihi. Lakini takwimu za Machi huingizwa Aprili. Mvua ikikata barabara, taarifa ya kituo cha mbali inaweza kuchelewa zaidi. Mtoto aliyetibiwa akiwa na miezi 59 atafikisha 60 huku karatasi zikiwa njiani, na methodi inayouliza "leo" itamhesabu kwa siku ya mwingizaji wa takwimu, si kwa siku aliyougua. Methodi inayopokea tarehe zote mbili kwa vigezo vyake haiwezi kudanganywa na kalenda ya ofisini. Ikipewa tarehe zilezile, itatoa jibu lilelile mwaka huu na baada ya miaka kumi, Katesh au Oslo.

Tuijaribu mpakani. Mtoto amezaliwa tarehe 10 Machi 2021. Akihudhuria tarehe 9 Machi 2026, methodi inarudisha 59, kwa kuwa mwezi wa sitini haujatimia. Akihudhuria kesho yake, inarudisha 60. Usiku mmoja unamhamisha kutoka safu moja hadi nyingine, na ni haki ahame, maana ndivyo kitabu kilivyoagiza. Watu wa Haydom wanaujua uzito wa hesabu ya namna hii. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, ilikuwa kituo cha Tanzania kati ya vituo vya nchi nane katika utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miezi 24 ili kuelewa uhusiano wa maambukizi ya tumbo, lishe na ukuaji. Katika kazi kama hiyo kila kipimo cha uzito na urefu kinasomwa dhidi ya umri. Umri ukikosewa, uzito uliopimwa kwa uangalifu wote unakosa maana.

Na sasa angalia methodi hizi mbili zikikutana:

String kundi = kundiLaUmri(umriKwaMiezi(kuzaliwa, kuhudhuria));

Mstari huo unasomeka karibu kama sentensi: kundi la umri, kwa umri wa miezi kati ya kuzaliwa na kuhudhuria. Umewezekana kwa sababu ya uamuzi mmoja wa awali, kwamba kila methodi inarudisha jibu lake badala ya kulichapa kwenye skrini. Anayeanza hupenda kuchapa, na namwelewa: unaandika System.out.println, unaona matokeo, moyo unafurahi. Lakini jibu likishachapwa limekwisha safari. Hakuna methodi nyingine inayoweza kulipokea na kuendelea nalo. Jibu lililorudishwa linaweza kwenda kwenye skrini, kwenye faili, kwenye jumla ya mwezi, au kwenye methodi inayofuata. Wakulima wa Kiiraqw wa Kainam wamesifika kwa muda mrefu kwa jinsi wanavyolima miteremko yao mikali, kila kishamba kikitunzwa ili maji ya mvua yasiharibu kile kilicho chini yake. Ndivyo methodi inayorudisha jibu safi inavyoitendea ile inayoifuata.

Methodi ya tatu ina mtego ambao kila mwalimu wa Java anaujua. Tunataka asilimia ya watoto waliochanjwa kati ya walengwa. Anayeanza anaandika:

static double asilimia(int sehemu, int jumla) {
    return sehemu / jumla * 100;
}

Ukiipa watoto 45 kati ya 60, unatarajia 75. Inarudisha 0.0. Sababu ni kwamba katika Java namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu ni namba kamili, na kilichobaki kinatupwa. Arobaini na tano kwa sitini ni sifuri na baki, baki linatupwa, sifuri mara mia ni sifuri. Ahadi ya double, yaani namba yenye desimali, kwenye mstari wa kwanza haisaidii, kwa kuwa inatekelezwa mwishoni, hesabu ikiwa imeshaharibika. Dawa yake ni kuanza na namba yenye desimali:

return 100.0 * sehemu / jumla;

Sasa kuzidisha kunatangulia, 100.0 inaibeba hesabu nzima kwenye ulimwengu wa desimali, na jibu ni 75.0. Ninapenda kumwona mtu akiuelewa mtego huu kwa kalamu, hatua kwa hatua, badala ya kupewa dawa tu. Anayeelewa kwamba kompyuta hutenda kwa mpangilio, na kwamba kila hatua ina aina yake ya namba, amepata kitu atakachokitumia katika lugha yoyote atakayoigusa maishani.

Methodi hii inatufundisha jambo jingine lisilo la Java kabisa. Jumla ikiwa sifuri ifanywe nini? Hesabu ya desimali katika Java haitakwama. Itarudisha kitu kisicho namba, au namba isiyo na mwisho, na vitu hivyo vikipenya kwenye ripoti vinachafua kila wastani vinakopita. Kwa hiyo hapa pia mlinzi awekwe mlangoni. Je, asilimia ikizidi 100? Kijana mwenye ari atataka kuikataa nayo, kwani tangu shule ya msingi ameambiwa asilimia mia ndiyo yote. Hapo ndipo anapohitaji kumsikiliza muuguzi. Idadi ya walengwa hukadiriwa kutokana na takwimu za sensa, na makadirio hayo yanaweza kuwa pungufu ya watoto waliopo. Siku ya chanjo mama wa kata jirani anaweza kumleta mwanawe kwenye kituo kilicho karibu naye, na anahudumiwa. Familia ya Kibarabaig iliyohama na mifugo inahudumiwa ilipofika. Asilimia 104 inaweza kuwa habari ya kweli kabisa, na methodi inayoikataa itakuwa imewafuta watoto waliochanjwa. Kujua kipi kikataliwe na kipi kipite hakupatikani kwenye kitabu cha Java. Kunapatikana kwa kukaa na wanaojaza vitabu vya MTUHA na kuwauliza.

Methodi ya mwisho inahusu majina ya mahali. Wingi wa lugha wa eneo hili ni wa aina yake: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kinyaturu ni cha Kibantu, na Kihadzabe cha bonde la Yaeda kinasimama peke yake. Majina ya mahali yamepita kwenye mikono mingi, na tahajia zinapishana. Utakuta Haydom na Haidom, Basotu na Bassotu. Anayeanza anapotaka kujua kama majina mawili ni sawa huandika alama mbili za usawa, ==, na wakati mwingine hupata kuwa "Katesh" si sawa na "Katesh". Alama hiyo, kwa maandishi, huuliza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haiulizi kama herufi zinafanana. Methodi inayofaa ni hii:

static boolean herufiZinalingana(String a, String b) {
    return a.strip().equalsIgnoreCase(b.strip());
}

Inaondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho, kisha inalinganisha bila kujali herufi kubwa na ndogo. Kwa hiyo "Dongobesh" na " DONGOBESH " zitalingana. Lakini Haydom na Haidom hazitalingana, na jina la methodi linalikiri hilo: herufi zinalingana, basi. Mtu angeweza kuipa jina la niMahaliPamoja, likasikika vizuri zaidi, na likawa la uongo. Mwingine angeiita, akaamini, na Haidom ingekuwa mji wa pili kwenye ripoti yake. Kujua kwamba tahajia mbili ni mji mmoja ni kazi ya orodha iliyokubaliwa, kama rejista ya vituo vya afya inavyokipa kila kituo namba yake. Methodi fupi haina aibu ya kuwa na mipaka. Inaitangaza kwa jina lake.

Ufundi huu una historia ndefu kuliko Java. Java yenyewe ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ikitokana na kazi ya James Gosling na wenzake. Wazo la kuandika kipande mara moja na kukiita kila kinapohitajika lilipata umbo lake Cambridge, Uingereza, kwenye kompyuta ya EDSAC iliyoanza kazi mwaka 1949. David Wheeler alibuni njia ya programu kurukia kipande fulani na kurejea mahali ilipotoka, na mwaka 1951 yeye, Maurice Wilkes na Stanley Gill wakatoa kitabu kilichoeleza jinsi ya kujenga maktaba ya vipande hivyo. Vilihifadhiwa kwenye kanda za karatasi zenye matundu. Kinachonivutia ni kwamba walihangaika na yaleyale anayohangaika nayo mwanafunzi wa leo: kipande kipokee nini, kirudishe nini, na mwenzako atajuaje kukitumia bila kukuuliza.

Kwa miaka mingi, anayeanza Java alilazimika kuandika public static void main(String[] args) kabla ya kufanya lolote, maneno ambayo mwalimu alimwambia ayakariri atayaelewa baadaye. Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imemwondolea mzigo huo: sasa void main() inatosha kuanzia. Ninaufurahia uamuzi huo, kwa sababu unamfikisha mwanafunzi haraka kwenye methodi yake mwenyewe, ambako kazi yenyewe iko.

Na kazi hiyo haihitaji kompyuta saa zote. Mwanafunzi wa shule ambayo kompyuta ni chache na umeme unakatika anaweza kufanya sehemu kubwa ya ufundi huu kwenye daftari la mistari. Aandike mstari wa kwanza wa methodi na kuusoma kwa sauti. Amuulize jirani yake dawatini: ukisikia jina hili, unadhani itafanya nini? Jibu likiwa tofauti na alilokusudia, jina libadilishwe. Achore jedwali la safu mbili, anachokiingiza na jibu analolitarajia, na kuanzia mipakani. Kisha afunike jedwali, aipitie methodi kwa kidole, na alinganishe. Zamu yake ya kompyuta ikifika, atakuwa na methodi iliyokwisha kufikiriwa, na dakika zake chache atazitumia kuithibitisha.

Wako watakaosema kuwa siku hizi kompyuta zenyewe zinaandika programu, na kijana aombe tu aandikiwe. Zinaandika, na zinaandika haraka. Lakini mtu ambaye hajawahi kukaa na namba 59 na 60 hatajua kuwa alichoandikiwa kina alama ya <= mahali pasipostahili. Asiyejua kuwa takwimu za Machi huingizwa Aprili hatashtuka kuona methodi ikiuliza tarehe ya leo. Jicho la kukagua linatokana na mkono uliowahi kuandika, na kadiri programu zinavyozidi kuandikwa kwa wingi, ndivyo tunavyozidi kuwahitaji watu wenye jicho hilo, hasa watu wanaojua pia jinsi zahanati inavyofanya kazi.

Ninasema hili nikiwafikiria zaidi vijana wa Mbulu na Hanang. Msimbo wa DHIS2 na wa OpenMRS uko wazi kwa dunia nzima. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuufungua, kuusoma, kuripoti kasoro na kutuma marekebisho. Humo ndani atakutana na methodi za waandishi wa mabara mbalimbali, nyingine nzuri kupita kiasi, nyingine zinazosubiri mtu wa kuzinyoosha. Hatahitaji kuuelewa mfumo wote. Atahitaji kuchagua methodi moja fupi, kusoma mstari wake wa kwanza, kuuliza imeahidi nini, na kuipima mipakani kwa yale anayoyajua kuhusu vitabu vya MTUHA vya kwao. Akikuta kasoro na kuirekebisha, na marekebisho yake yakakubaliwa, yanaweza kutumika Katesh na nchi za mbali kwa pamoja. Kwa hiyo mwalimu anayemwacha mwanafunzi wake akae wiki nzima na methodi ya mistari kumi hampotezei muda. Anamwandaa kwa kazi ya kweli, na kazi hiyo ipo tayari inamsubiri.